Mlezi wa Malkia: Louise Lehzen katika Kasri la Uingereza

Mezani kwa Malkia Victoria, katika miaka yake ya mwanzo ya utawala, aliketi mwanamke wa makamo ambaye chakula hakikumpita kooni bila kisibiti. Alikinyunyiza kwenye mkate na siagi, kwenye kabichi, hata kwenye nyama ya kuoka, na mbegu zenyewe aliletewa kwa vifuko kutoka kwao Hanover. Wakubwa wa kasri walimcheka pembeni. Walicheka kwa sauti ya chini, maana walijua kwamba mwanamke huyo ndiye aliyeidhinisha malipo ya nyumba ya Malkia, ndiye aliyeshughulikia barua zake za binafsi, na ndiye aliyelala chumba cha jirani na chake.

Jina lake kamili ni Johanna Clara Louise Lehzen. Mlinganishe na mwanamke mwingine wa Kijerumani kasrini, Melusine von der Schulenburg, aliyemfuata Mfalme George I London mwaka 1714 na baadaye akapewa cheo cha Duchess wa Kendal. Melusine alizaliwa katika ukoo wa kikabaila, na nguvu zake zilitokana na mapenzi ya mfalme. Lehzen alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, hana shamba wala mali ya kurithi, na ubaroness alipewa akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini. Nguvu zake zilitokana na kulea. Alimlea yule mtoto ambaye jina lake limebandikwa kwenye miji, maporomoko na maziwa ya dunia, likiwemo ziwa letu la Nyanza, ambalo John Hanning Speke alilipa jina la Victoria alipofika ufukweni kwake mwaka 1858. Ninaamini kwamba vitabu vingi vimemdhulumu mama huyu. Vimemsoma kwa macho ya mume wa Malkia, aliyemchukia, na vimesahau kwamba bila yeye pengine kusingekuwa na malkia wa kuolewa.

Lehzen alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1784. Wakati huo Hanover na Uingereza zilikuwa nchi mbili chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo mfalme wa London alikuwa mtawala wake pia. Msichana wa ukoo wa kichungaji asiye na urithi alikuwa na njia chache: kuolewa, kukaa kwa ndugu, au kufundisha watoto wa wakubwa. Lehzen alifundisha. Alianza katika familia ya kikabaila ya von Marenholtz, akatoka na sifa nzuri, na mwishoni mwa mwaka 1817 akaajiriwa kumfundisha Feodora, binti wa miaka kumi wa mjane mmoja wa kifalme, Victoire wa Leiningen.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, msiba mkubwa ulikuwa umeikumba Uingereza. Charlotte, mjukuu pekee wa halali wa Mfalme George III, alikuwa amefariki baada ya kujifungua mtoto mfu. Mfalme alikuwa na watoto wengi wa kiume, watu wazima wenye madeni na wanawake wa pembeni, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mrithi. Wakaanza kukimbilia ndoa. Edward, Duke wa Kent, alimwacha mwanamke aliyekaa naye zaidi ya robo karne, akamwoa mjane Victoire mwaka 1818. Mwaka uliofuata, mama akiwa na mimba kubwa, msafara wa magari ya farasi uliondoka Ujerumani kwenda Uingereza ili mtoto azaliwe katika ardhi ya Kiingereza. Duke mwenyewe alishika hatamu ili kupunguza gharama. Katika msafara huo walikuwemo Feodora na mwalimu wake. Tarehe 24 Mei 1819, katika kasri la Kensington, Victoria alizaliwa.

Miezi minane baadaye baba yake alikufa kwa homa ya mapafu, akaacha madeni. Duchess wa Kent akabaki katika nchi asiyojua vizuri lugha yake, na watoto wawili wa kike, bila fedha za kutosha. Hapo ndipo alipojisogeza John Conroy, ofisa wa jeshi aliyekuwa mhudumu wa marehemu. Alichukua usimamizi wa nyumba ya mjane, na hesabu zake zilikuwa rahisi. Baba wakubwa wa mtoto walikuwa wazee. Wakifa mtoto akiwa hajatimiza miaka kumi na minane, mama yake atatawala kwa niaba yake, na anayemtawala mama ni Conroy.

Ukatungwa utaratibu ambao umebaki katika historia kwa jina la Mfumo wa Kensington. Victoria alilala chumba kimoja na mama yake kila usiku, na iliendelea hivyo hadi siku aliyokuwa malkia. Hakuruhusiwa kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Hakuruhusiwa kukaa na mgeni peke yake. Watoto wa kucheza naye walichaguliwa, na aliyeletwa mara kwa mara zaidi ni binti wa Conroy, ambaye hakumpenda. Feodora, alipotoka kwa kuolewa mwaka 1828, aliandika baadaye kwamba ndoa ilimtoa kifungoni. Mdogo wake alibaki ndani.

Mwaka 1824, Victoria akiwa na miaka mitano, alikabidhiwa rasmi kwa Lehzen. Nadhani Conroy aliona amepata mtu wa kufaa kabisa: mwanamke mgeni, asiye na ndugu Uingereza, asiye na cheo, anayekula kwa mkono wa Duchess. Mtu wa namna hiyo angemtii nani mwingine? Conroy hakuona kwamba mtu asiye na ndugu wala mali anaweza kuelekeza uaminifu wake wote kwa mtoto mmoja.

Na ndivyo Lehzen alivyofanya. Alikuwa mkali. Victoria alikuwa mtoto wa hasira za ghafla, wa kupiga mguu sakafuni, na alikiri mwenyewe ukubwani kwamba alimwogopa sana mlezi wake hata alipokuwa akimpenda kupita kiasi. Asubuhi, Victoria alipokuwa akichanwa nywele na kuvikwa, Lehzen alimsomea kwa sauti ili mtoto asizoee kupiga soga na watumishi. Usiku alikaa naye chumbani hadi mama yake alipopanda kulala. Masomo yenyewe yalisimamiwa na mchungaji George Davys, lakini siku nzima ilikuwa mikononi mwa Lehzen.

Kazi ya mikono wanayokumbukwa nayo zaidi ni wanasesere. Vilikuwa vijisanamu vya mbao vyenye viungo vinavyokunjika, vya bei ndogo, vya aina iliyouzwa madukani kwa watoto wa watu wa kawaida. Viliongezeka hadi 132. Vilivalishwa kama waimbaji wa opera, wacheza baleti na mabibi wa kasri, kila kimoja na jina lake na kumbukumbu zake daftarini. Nguo zao zilishonwa kwa vipande vya hariri na lesi, na mishono yake ni midogo ajabu. Victoria aliwavika 32 kwa mkono wake, na wengine wengi walivikwa na Lehzen. Wengine wameyaona haya kama mchezo wa mtoto mpweke tu. Mimi naona zaidi. Mtoto ambaye haruhusiwi kukutana na watu alijengewa kasri zima juu ya meza, akajifunza nani ni nani, nani anakaa wapi na anavaa nini, na mshonaji mwenzake alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya arobaini ambaye angeweza kwenda kupumzika.

Walisoma pia historia. Lehzen alimhusudu Malkia Elizabeth I, na alikuwa na kauli yake kwamba angeweza kumsamehe malkia kwa uovu lakini si kwa udhaifu. Kumwambia mtoto maneno hayo ndani ya nyumba iliyopangwa kumfanya dhaifu kulikuwa na maana yake, na Conroy alipaswa kuisikia.

Mwaka 1827 Mfalme George IV alimpa Lehzen cheo cha Baroness wa Hanover. Sababu ilikuwa ya adabu za kasri: haikupendeza mrithi wa karibu wa kiti azungukwe na watu wasio na vyeo. Conroy naye alipewa nishani ya Hanover kwa sababu hiyohiyo. Kwa Lehzen cheo kilikuwa ngao, na aliihitaji. Muda si mrefu Baroness Späth, mwandani wa Duchess kwa miaka mingi, aliondolewa ghafla na kupelekwa Ujerumani kwa Feodora. Alikuwa amethubutu kulalamika juu ya mambo ya Conroy. Lehzen alijua zamu ingefuata kwake. Akafunga mdomo na kuvumilia dharau za mezani, na zilikuwa nyingi. Mfalme alimkingia kifua, na Conroy hakuthubutu kumfukuza waziwazi.

Kuna kisa cha Machi 1830 ambacho karibu kila kitabu kinakisimulia. Lehzen aliweka jedwali la ukoo wa kifalme ndani ya kitabu cha historia, mtoto akaliona, akafahamu kwamba yuko karibu na kiti kuliko alivyodhani, akaahidi kuwa mtu mwema. Chanzo chake ni barua aliyoandika Lehzen mwenyewe mwaka 1867, akiwa mzee, kumwandikia Malkia. Pengine miaka imeyalainisha maneno. Victoria, alipokumbushwa, alisema analokumbuka ni kwamba alilia sana. Mimi nalisadiki zaidi hilo la machozi.

Jaribio kubwa lilikuja Oktoba 1835, Ramsgate, mji wa pwani ambako familia ilikwenda kupumzika. Victoria, miaka kumi na sita, aliugua vibaya. Homa ilimlaza kwa majuma, nywele zikaanza kumdondoka. Conroy alidai kwamba anajisingizia, na daktari alichelewa kuitwa. Kisha, mgonjwa akiwa bado kitandani, Conroy na Duchess walimjia na karatasi: atie sahihi kwamba atakapokuwa malkia, Conroy atakuwa katibu wake binafsi. Mtoto alikataa. Walimsukuma, akakataa tena. Aliyekuwa pembeni ya kitanda akimpa nguvu ni Lehzen, na aliyemuuguza usiku na mchana ni huyohuyo. Victoria hakusahau. Baadaye alisimulia kwamba alisimama imara dhidi ya mama yake na Conroy akiwa mgonjwa, na mpenzi wake Lehzen ndiye aliyemtegemeza.

Alitimiza miaka kumi na minane tarehe 24 Mei 1837. Mfalme William IV alikufa usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni. Tofauti yake ni siku ishirini na saba. Mpango wote wa Conroy ulivunjika ndani ya siku hizo. Askofu Mkuu wa Canterbury na Lord Conyngham walipofika Kensington, Victoria aliamshwa saa kumi na mbili asubuhi, akashuka ngazi akiwa na kanzu ya kulalia, mama yake ameshika mshumaa, Lehzen nyuma yake na kichupa cha chumvi ya kunusa, pengine msichana angeishiwa nguvu. Hakuishiwa. Aliingia chumbani peke yake, akatoka akiwa Malkia. Miongoni mwa amri zake za kwanza ilikuwa kitanda chake kitolewe chumbani kwa mama yake.

Walipohamia kasri la Buckingham, Duchess alipewa vyumba vya mbali, naye Lehzen akapewa vya jirani na Malkia. Lehzen hakutaka cheo chochote rasmi. Alikuwa na busara ya kujua kwamba cheo kwa mgeni wa kasri kingekuwa mfupa wa kugombewa. Watu waliokuwa wakiingia kasrini waliona jambo moja: mawaziri walipoingia kuongea na Malkia, Baroness alitoka kwa mlango mwingine. Walipoondoka, alirudi. Mambo ya dola aliyaacha kwa Lord Melbourne, Waziri Mkuu. Ya nyumbani yalikuwa yake. Siku ya kutawazwa, tarehe 28 Juni 1838, Victoria alipokuwa amekaa kwenye kiti cha enzi Westminster Abbey aliinua macho hadi kwenye roshani iliyokuwa juu ya ile ya kifalme, macho yake yakakutana na ya Lehzen, wakatabasamiana. Usiku huo aliliandika hilo katika shajara yake.

Sasa inakuja sehemu chungu. Mapema mwaka 1839, Lady Flora Hastings, mwandani wa Duchess, alianza kuvimba tumbo. Alikuwa amesafiri kwa gari moja na Conroy kutoka Scotland. Victoria na Lehzen, waliomchukia Conroy, walipiga hesabu wakapata walichotaka kupata: ni mjamzito, na baba anajulikana. Uvumi ukasambaa kasrini. Ili kulisafisha jina lake, Lady Flora, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu asiyeolewa, alilazimika kukubali kukaguliwa na madaktari. Walikuta ni bikira. Uvimbe ulikuwa ugonjwa wa ini, na Julai mwaka huohuo ukamuua. Watu walimzomea Malkia hadharani, na magazeti yakamtaja Lehzen kama chanzo cha fitina.

Hapa siwezi kumtetea. Mwanamke aliyekuwa ameishi miaka kumi na mitano chini ya jicho la kachero, akijua uchungu wa kusengenywa, aliruhusu chuki yake ya haki kwa mwanamume mmoja imwangukie mwanamke asiye na hatia. Ilikuwa katika uwezo wake kumwambia msichana wa miaka kumi na tisa, aliyemsikiliza kuliko mtu yeyote, anyamaze. Hakumwambia.

Albert alimwoa Victoria tarehe 10 Februari 1840. Alikuwa na miaka ishirini, Mjerumani kama Lehzen, msomi, mpangaji, mwenye hamu ya kazi. Miezi mitatu baadaye alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba yeye ni mume tu, si bwana wa nyumba. Nyumba ilikuwa na bwana wake tayari. Na kweli nyumba hiyo ilikuwa shaghalabaghala. Idara moja ilipanga kuni mekoni na nyingine ikawasha moto. Madirisha yalisafishwa ndani na ofisi moja, nje na ofisi nyingine, kwa hiyo hayakuwa safi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Desemba 1840, siku chache baada ya Malkia kujifungua mtoto wake wa kwanza, kijana mmoja wa mjini alikutwa amejificha chini ya sofa jirani na chumba chake. Albert alirekebisha mambo hayo yote, na alistahili sifa. Lakini idara hizo zilikuwepo kabla Lehzen hajazaliwa, na si haki kumtwisha yeye uozo wa karne.

Ugomvi ulipasuka Januari 1842, juu ya mtoto. Binti mfalme mdogo, Vicky, alikuwa amekonda. Daktari James Clark alimpa kalomeli, dawa ya zebaki, na kumlisha maziwa ya punda. Albert aliamini kwamba daktari na watu wa Lehzen wanamwua mwanawe. Mume na mke wakapigiana kelele, kisha Albert akaandika kwa hasira kwamba anajitoa, na mtoto akifa lawama itakuwa juu ya Victoria. Baron Stockmar, mshauri wa familia, aliitwa kupatanisha. Katika barua za siku hizo Albert anamwita Lehzen mchonganishi mjinga mwenye uchu wa madaraka. Victoria alimjibu Stockmar kwamba hataki Lehzen atawale chochote, anataka tu apate nafasi tulivu ndani ya nyumba yake kwa shukrani ya yote aliyomfanyia.

Katika jambo la mtoto Albert alikuwa na haki. Kalomeli ni sumu. Na mume kijana ana haki ya kuwa na nyumba yake. Lakini maneno aliyoyatumia kwa mama wa miaka hamsini na saba aliyempa mkewe ujana wake wote ni maneno ya aibu, na wanahistoria waliyapokea bila kuyapima.

Julai, Albert alimweleza mkewe kwamba Baroness ameomba kwenda kupumzika kwa ajili ya afya. Victoria alielewa maana yake, akakubali. Mwishoni mwa Septemba 1842 Lehzen aliondoka alfajiri bila kuagana, ili kumwepusha Malkia na machozi. Alipewa gari la farasi na pensheni ya pauni 800 kwa mwaka. Conroy, aliyejaribu kumnyang'anya mtoto mgonjwa sahihi yake, alikuwa ameshapewa ubaroneti na pauni 3,000 kwa mwaka.

Alikwenda kuishi Bückeburg na dada yake, ambaye alifariki muda si mrefu, akabaki peke yake. Kuta za nyumba yake zilijaa picha za Victoria. Malkia alimwandikia kila juma, hadi Lehzen mwenyewe alipoomba iwe kila mwezi, kwa kuwa mwandishi ana kazi nyingi. Walionana mara chache katika safari za Malkia nchini Ujerumani. Kwa miaka ishirini na minane aliyoishi huko hakuchapisha kumbukumbu wala hakuuza siri yoyote ya kasri, ingawa alizijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Louise Lehzen alifariki tarehe 9 Septemba 1870, akiwa na miaka themanini na mitano. Victoria aliandika katika shajara yake kwamba katika miaka yake ya mwisho kasrini mlezi wake alikuwa mgumu kuishi naye, lakini kwa kukosea tu juu ya wajibu na mapenzi, kamwe si kwa nia mbaya, na kwamba kuanzia alipokuwa na miaka mitano hadi kumi na minane Lehzen hakuchukua likizo hata ya siku moja. Kisha akaagiza kaburi la Bückeburg lijengewe mnara wa kumbukumbu.